Mzee Karume na majumba ya Ng'ambo

Kila ifikapo tarehe 7 Aprili, Tanzania hufunga ofisi na shule kumkumbuka Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. Huko Unguja viongozi na wananchi hukusanyika Kisiwandui, kwenye makao makuu ya chama, kusoma khitma na kumwombea dua penye kaburi lake. Ni hapo hapo, jioni ya tarehe hiyo mwaka 1972, alipopigwa risasi akiwa amekaa na wenzake wakicheza bao.

Maisha yake husimuliwa zaidi kwa upande wa siasa: Mapinduzi ya mwaka 1964, Muungano na Tanganyika, utawala wa mkono mzito, kisha kifo cha ghafla. Makala haya yanafuata njia nyingine, ile ya nyumba. Karume aliinuliwa na watu wa mtaa mmoja wa mji, akaahidi kuwajengea makaazi bora, na akawajengea. Namna alivyowajengea ndiyo bado inazungumzwa, kwa kuwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki swali la nani aulizwe kabla ya mtaa kuvunjwa halijapata jibu hadi leo.

Kwa mujibu wa historia rasmi, Karume alizaliwa mwaka 1905 huko Mwera, katika mashamba ya Unguja. Wapinzani wake walidai baadaye kwamba alizaliwa bara na kuletwa visiwani angali mdogo, na madai hayo yalimwandama kwa miaka mingi katika siasa. Zanzibar ya siku hizo ilikuwa na mazoea ya kumwuliza mtu asili yake kabla ya kumwuliza anaishi wapi. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Katika ujana wake aliingia kazi ya ubaharia, akazunguka bandari za mbali, na alipoamua kuishi nchi kavu hakwenda mbali na bahari. Alijiunga na wenzake waliokuwa na mashua za injini, wakiwachukua abiria kati ya meli zilizotia nanga na gati, akawa kiongozi wa chama chao.

Kazi hiyo ya mashua hutajwa kwa haraka katika vitabu vingi, lakini inastahili kuangaliwa. Watu wa mashua walikuwa wakigombania abiria wale wale. Bila utaratibu, mwenye nguvu au mwenye maneno mengi angechukua wote. Chama kilikuwa njia ya kugawana riziki bila ugomvi, na kiongozi wake alitakiwa kuaminiwa na watu wasiokuwa na mkataba wala mwanasheria. Karume alijifunza uongozi hapo, na katika vilabu vya mpira na vyama vya kusaidiana, kabla ya kusimama kwenye jukwaa lolote la siasa. Chama cha Waafrika cha Zanzibar, ambacho baadaye alikuwa rais wake, kiliundwa mwaka 1934 kikiwa na mizizi katika klabu ya mpira.

Mtaa wenyewe ulikuwa Ng'ambo. Jina hilo lina maana yake halisi. Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe na milango ya nakshi, ulikuwa upande mmoja wa mkono wa bahari, na upande wa pili, ng'ambo ya maji, waliishi wachukuzi, mafundi, wavuvi, watumishi wa nyumbani, wachuuzi na waliokuwa watumwa pamoja na watoto wao. Daraja lililounganisha pande hizo limeacha jina lake Darajani, ingawa maji yamekwisha kufukiwa. Waliishi huko Waswahili wa visiwani, Wanyamwezi, Wazaramo, Wayao, Wanyasa, Wamanyema na wengineo. Msomaji wa Buyenzi mjini Bujumbura au Biryogo mjini Kigali ataufahamu mtaa wa namna hiyo bila kuelezwa sana: lugha moja, asili nyingi, na kila mtu akijua mlango wa jirani yake.

Nyumba za Ng'ambo zilijengwa kwa miti ya mikoko, udongo na mawe, zikaezekwa kwa makuti. Mbele palikuwa na baraza, pahali pa wanaume kukaa jioni na pa mgeni kupokelewa. Ndani mlikuwa na ukumbi na vyumba, na nyuma palikuwa na ua, ambako wanawake walipika, walifua, waliwaleta watoto wao na kupitishana chumvi na habari. Mtu akifiwa, jirani hakungoja kuitwa. Anayeandika harusi alijua kwamba masufuria na mikeka vitatoka nyumba kumi.

Jambo moja liliwasumbua daima. Mwenye nyumba alimiliki kuta na paa, lakini kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine, naye alitozwa kodi ya ardhi. Kodi hizo zilipopanda katika miaka ya 1920, watu wa Ng'ambo walichoka. Mwaka 1928 waligoma kulipa. Haukuwa mgomo wa chama cha siasa, kwa kuwa vyama hivyo havikuwapo. Ulipitia barazani, misikitini na katika vikundi vya ngoma, na wanawake, ambao wengi walikuwa wamiliki wa nyumba, walikuwa mstari wa mbele. Mwishowe serikali ya kikoloni ililazimika kuingilia kati na kuweka mipaka kwa wenye ardhi. Kwa mtu anayetaka kujua kwa nini siasa za Ng'ambo zilikuja kuwa na nguvu vile, ningemwelekeza kwanza kwenye mgomo huo, hata kabla ya uchaguzi wowote.

Waingereza nao walikuwa na mipango yao kuhusu mtaa huo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walijenga kituo cha jamii Raha Leo, chenye ukumbi wa mikutano, katikati ya Ng'ambo, na nyumba chache za mfano kando yake. Nia iliyotangazwa ilikuwa ustawi wa wakazi. Wakazi hawakushirikishwa katika kuamua, na nyumba za mfano zilikuwa chache mno kulinganishwa na mahitaji. Hata hivyo ukumbi waliutumia, na siku ilikuja ambapo waliutumia kwa jambo ambalo wajenzi wake hawakulitarajia.

Karume alikuwa diwani wa mji kabla ya kuwa mwanasiasa wa nchi nzima. Februari mwaka 1957 Chama cha Waafrika na Chama cha Washirazi viliungana, kikazaliwa chama ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Afro-Shirazi, naye akawa rais wake. Julai mwaka huo huo ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Kiongozi wa chama cha Hizbu, Ali Muhsin Barwani, msomi na msemaji hodari, alisimama Ng'ambo kupambana na Karume. Alishindwa kwa kura nyingi sana. Watu wa mtaa walimpa kura baharia mwenye elimu ndogo kwa sababu walikuwa wamemjua muda mrefu kwenye shughuli zao wenyewe.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya uchungu. Baada ya uchaguzi huo wakulima walioishi kwenye mashamba ya watu walianza kufukuzwa kwa sababu za kisiasa, wateja walisusia maduka ya wapinzani, na majirani waliokuwa wakizikana wakaacha kusalimiana. Uchaguzi wa Juni 1961 ulifuatiwa na ghasia zilizoua watu wapatao 68. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani na serikali ya muungano wa vyama viwili, ingawa Afro-Shirazi ilikuwa imepata kura nyingi zaidi. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, serikali hiyo ilipinduliwa. Kundi lililovamia vituo vya polisi liliongozwa na John Okello, na Raha Leo, kile kituo cha jamii cha Waingereza, kikawa makao ya wanamapinduzi. Kutoka hapo sauti ya redio iliwatangazia wananchi kwamba utawala umebadilika. Maelfu ya watu, wengi wao Waarabu, waliuawa katika siku na majuma yaliyofuata, na wengine wengi walikimbia. Habari za makaazi haziwezi kusimuliwa bila jambo hilo, maana nyumba nyingi zilizogawiwa baadaye zilikuwa na wenyewe.

Karume akawa Rais, na baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 akawa pia Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na mzigo wa kodi ya viwanja, ule uliowatoa watu barabarani mwaka 1928, ukaondolewa kwa tangazo moja. Wakulima waligawiwa eka tatu tatu. Elimu na matibabu vilitolewa bure. Wazee wasiokuwa na jamaa walijengewa nyumba Sebleni. Majumba ya Mji Mkongwe yaliyotaifishwa yalijazwa familia kutoka Ng'ambo na mashamba, ambazo nyingi hazikuwa na fedha za kuyatunza, na matokeo yake yanaonekana hadi leo kwenye dari zilizoanguka na kuta zilizopasuka.

Kwa ujenzi mpya, msaada ulitoka Ujerumani Mashariki. Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua serikali hiyo, nayo ilitoa shukrani zake kwa saruji na mafundi. Katika Kikwajuni na Kilimani yaliinuka majumba ya ghorofa yenye maji ya bomba, umeme na choo cha ndani. Kwa mtu aliyelala chini ya makuti yanayovuja kila masika, hayo hayakuwa mambo madogo, na ni kosa kuyadharau kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa siku hizi wanaoyatazama majumba hayo kwa jicho la uzuri tu.

Karume alitaka zaidi ya hapo. Wataalamu wa Kijerumani walichora mpango wa kuijenga upya Ng'ambo karibu yote. Mwaka 1968 mpango ulikuwa tayari, na tangu karibu na mwaka 1970 kazi kubwa ilionekana Michenzani, katikati ya mtaa. Barabara mbili pana zilikatwa zikapishana, na kando yake yakapangwa majumba marefu mno, mengine yakikaribia mita 300, ghorofa juu ya ghorofa. Wenyeji wenye macho ya utani waliyaita treni, na jina likabaki. Rais mwenyewe alifika mara kwa mara kwenye ujenzi, akitoa amri na kubadilisha mambo. Si Ng'ambo pekee iliyojengwa. Maghorofa ya namna hiyo yaliinuliwa pia Makunduchi na Bambi, na kisiwani Pemba katika miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani, mengine yakisimama kati ya minazi na mashamba ya muhogo, jambo ambalo hadi leo humshangaza mgeni.

Nguvu ya ujenzi ilikuwa ya watu. Matawi ya chama na Umoja wa Vijana waliwakusanya wananchi kubeba mawe, kuchanganya zege na kufyatua matofali, hasa siku za mapumziko. Kazi hiyo iliitwa ya kujitolea. Wapo waliokwenda kwa furaha, wakiimba, kwa sababu waliamini wanajenga nyumba zao wenyewe, na baadhi yao walizipata kweli. Wapo pia waliokwenda kwa sababu asiyefika aliulizwa sababu, na katika Zanzibar ya wakati huo kuulizwa sababu lilikuwa jambo la kuogopwa. Hawa na wale walisimama kwenye foleni moja ya kupokezana karai za zege, na kwa kuwatazama tu usingeweza kuwatofautisha.

Hapa ndipo maisha ya Karume yanapokuwa magumu kuyapima. Aliyeongoza chama cha mashua kwa kusikilizana hakuitisha mkutano wa wakazi wa Michenzani kuwauliza wanataka nini. Uchaguzi haukufanyika katika utawala wake wote. Vyama vingine vilipigwa marufuku, na jumuiya za zamani za makabila na za kusaidiana zilifutwa au kumezwa na chama. Waliopinga walifungwa, na wengine hawakurudi. Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff, waliokuwa wenzake katika harakati za Afro-Shirazi, waliuawa mwaka 1969. Fundi wa mipango au mama mwenye nyumba aliyedhani barabara imekaa vibaya hakuwa na mahali pa kulisemea hilo isipokuwa kwenye tawi la chama, na tawi lilikuwa linapokea amri kutoka juu zaidi kuliko linavyopeleka maoni.

Nyumba za udongo zilivunjwa kupisha barabara na treni. Mwenye nyumba iliyovunjwa aliahidiwa fleti bila kununua. Hesabu hiyo ilikuwa ya haki kwa upande mmoja: ukuta wa saruji kwa ukuta wa udongo. Lakini nyumba ya Ng'ambo ilikuwa na vyumba vya kupangisha, na mjane aliyeishi kwa kodi ya chumba kimoja hakuweza kupangisha chumba cha fleti yenye familia nzima ndani. Baraza halikuwapo kwenye ghorofa ya nne. Ua haukuwapo pia. Wanawake waliozoea kupika nje kwa kuni na makaa walijikuta na jiko dogo na ukumbi mwembamba, na bibi mwenye magoti mabovu alikuwa na ngazi za kupanda kila arudipo kutoka sokoni. Maji ya bomba, ile fahari kubwa, yalikuwa na tabia ya kutofika ghorofa za juu, na ndoo zikarudi kichwani.

Hata hivyo watu waliyageuza majengo yafanane nao. Ngazi za kuingilia zikawa baraza. Chini ya majumba, mahali ambapo michoro ilionyesha nafasi tupu, pakawa na meza za kuuzia urojo, mishikaki na vitambaa, na mabenchi ya wacheza bao na karata. Majirani wa ngazi moja walianza kuchangiana taa ya kupandia na ukarabati mdogo, kwa utaratibu ambao hakuna ofisi iliyouandika. Nisingesema kwamba mpango ulishindwa. Ningesema ulikamilishwa na watu ambao hawakuwamo ndani yake.

Karume hakuyaona hayo kwa muda mrefu. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya upungufu wa chakula, kwani ingawa karafuu ziliingiza fedha nyingi za kigeni, serikali ilibana uagizaji wa mchele na unga, na foleni zilikuwa ndefu. Malalamiko yalisemwa kwa sauti ya chini. Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972 Luteni Humud Mohamed Humud na wenzake walifika Kisiwandui wakiwa na silaha. Karume alifariki papo hapo. Humud mwenyewe alikufa katika tukio hilo, na watu wengi walikamatwa na kushtakiwa baada yake.

Aboud Jumbe alipochukua uongozi aliendeleza baadhi ya majumba ya Michenzani, lakini kasi ilipungua. Sehemu ndogo tu ya mpango mkubwa ndiyo iliyojengwa. Serikali iligeukia kugawa viwanja, watu wakajijengea wenyewe upande wa mashariki, na mwaka 1982 wataalamu wa Kichina walichora mpango mwingine wa mji. Nyuma ya treni za Michenzani, mitaa ya zamani ya Ng'ambo iliyonusurika kuvunjwa ilibaki ilivyo, na vichochoro vyake, misikiti yake na mabaraza yake.

Katika miaka ya 2010 idara ya mipango miji ya Zanzibar, ikishirikiana na wataalamu wa Kiholanzi, ilianzisha kazi iliyopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Safari hii wapimaji walianza kwa kuwatafuta wakazi. Waliulizwa ni wapi penye kumbukumbu zao, ni baraza gani hukusanya watu, ni mti gani, kiwanja gani cha mpira au jengo gani wasingependa lipotee. Majibu yalichorwa kwenye ramani, na baadaye yakachapishwa kitabuni. Mshangao ulikuwa kwamba majumba ya Karume yenyewe sasa yanahesabiwa ndani ya urithi huo. Vizazi viwili vimezaliwa humo na kukulia humo, na kwao treni ndiyo mtaa wa asili.

Kutoka kaburini Kisiwandui hadi mzunguko wa Michenzani ni mwendo mfupi kwa miguu. Katikati ya mzunguko huo sasa umesimama mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, na pande zote zinaonekana safu za madirisha, nguo zimeanikwa, na chini yake wanaume wamekaa kwenye benchi wakicheza bao.